Manzese kabla ya Bunju: anayehamia Dar aanzie wapi?

Mtu akipata kazi Dar es Salaam akiwa Songea au Bukoba, ushauri wa makazi humfikia hata kabla hajakata tiketi ya basi: usikae uswahilini. Mjomba atamtajia Goba, shangazi Bunju, na aliyemaliza naye chuo atamwambia siku hizi watu wako Chanika na Kigamboni. Huko pembezoni mwa jiji unapata chumba na sebule, choo cha ndani, luku yako mwenyewe na fensi, kwa hela ambayo Sinza inakupa chumba kimoja. Manzese, Tandale na Buguruni zikitajwa, hutajwa kwa sauti ya onyo.

Ushauri huo una ukweli wake. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, zaidi ya milioni moja juu ya hesabu ya 2012, na wote hao lazima walale mahali. Pembezoni ndiko ardhi bado ipo. Mradi wa viwanja 20,000, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulipima maeneo kama Bunju, Mbweni, Kibada na Toangoma, kwa hiyo huko kuna mitaa ambayo gari la zimamoto linapita, gari la majitaka linafika, na mtoto ana pa kuchezea. Anayetaka kujenga hana mjadala, atafuata kiwanja kilipo. Mwenye gari, au mwenye kazi Tegeta, naye namweka pembeni.

Ninayemzungumzia ni yule ambaye riziki yake iko katikati: Kariakoo, Posta, Muhimbili, viwanda vya Barabara ya Nyerere. Hana gari, hana ndugu wa karibu mjini, na akiba yake inahesabika kwa vidole. Huyo ndiye anayepewa ushauri uliokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Tuchukue Chanika. Asubuhi ya kawaida, kutoka huko hadi Posta, ukijumlisha bodaboda ya kutokea ndani, kusubiri kituoni, foleni na kubadilisha gari, saa mbili hazimshangazi mtu. Jioni ni hivyohivyo au zaidi, maana kuna kugombania daladala kwanza, wengine wakipitia dirishani. Saa nne kwa siku. Kwa anayefanya kazi siku sita, ni saa 24 kila wiki: siku nzima, usiku na mchana, imeishia barabarani. Zidisha kwa wiki 50, unapata siku 50 katika mwaka mmoja. Watu wakisikia hesabu hii hutikisa kichwa, kisha wanaipita, kana kwamba saa za barabarani hazina mwenyewe. Wakati ndizo saa ambazo kijana wa dukani Kariakoo angebaki hadi tajiri azoee kumwachia funguo. Ndizo ambazo fundi angepokea kazi ya pili, na binti angesoma masomo ya jioni. Na kubwa kuliko yote, ndizo saa za usingizi. Anayetakiwa kazini saa moja na nusu asubuhi anaamka saa kumi, anatoka giza bado nene, na kama ni mwanamke anatembea peke yake hadi barabarani au anajikabidhi kwa bodaboda asiyemjua. Hili halimo kwenye ushauri wa shangazi, ambaye hofu yake yote iko Manzese. Mwaka 2022, matukio ya panya road, yale magenge ya vijana wenye mapanga, yaliripotiwa hadi Chanika na Kawe.

Njoo kwenye nauli. Tuseme bodaboda 1,000 na magari mawili kwa jumla ya 1,500: ni 2,500 kwenda, 5,000 kwenda na kurudi, 130,000 kwa siku 26 za kazi. Chukua hela hiyo uijumlishe na kodi ya Chanika. Hapo hulinganishi tena na chumba cha Manzese, unalinganisha na cha Sinza. Aliyeko Manzese naye analipa nauli, lakini ni gari moja, na siku mfuko umekauka anaweza kuifuata Kariakoo kwa miguu. Wa Chanika siku hiyo anakopa, au haendi kazini.

Mfano ninaourudia kila mada hii inapozuka ni Mabwepande. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na serikali ikawapa viwanja huko Mabwepande, ndani zaidi ya Bunju, baadhi ya waliokuwa wakiishi bonde la Msimbazi. Ardhi ya kupewa, mbali na maji yaliyowatoa. Wapo waliobaki wakajenga. Wapo pia waliouza au kuacha na kurudi mjini, na wakaitwa wakaidi, hata wajinga. Ila mama aliyekuwa akiuza chapati Jangwani, humohumo bondeni, alihamishwa yeye tu. Wateja wake hawakuhamishwa naye. Aliyerudi alikuwa anafuata chakula cha wanawe, na aliijua hatari ya bonde kuliko waliomcheka.

Kuna jambo jingine ambalo dalali hawezi kukuonyesha. Nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na uani kwa pamoja, inampangisha mgeni pamoja na watu. Uani ndiko utakakosikia kwamba kiwanda fulani kesho kinachukua vibarua, kwamba mwalimu wa tuisheni mzuri ni yule wa mtaa wa pili, kwamba mjumbe anapatikana jioni tu. Genge la nje linakupimia mafuta ya kupikia ya mia tano na mkaa wa kopo, jambo kubwa kwa anayelipwa kwa wiki au kwa siku. Homa ikikushika usiku, kuna mlango wa kugonga. Fensi ni nzuri kwa mwenye watu wake ndani. Mgeni asiye na mtu anaweza kukaa mwaka mzima Goba akifahamiana na mlinzi wa jirani tu.

Sitaki kupamba uswahilini. Kigogo na Mchikichini zina sehemu zinazoingiwa na maji, na Barabara ya Morogoro pale Jangwani imefungwa kwa mafuriko mara nyingi mno kuitwa ajali. Kipindupindu kilichoanza Agosti 2015 kilipiga hasa mitaa iliyobanana. Choo kimoja kwa vyumba sita ni mtihani. Luku ya kushea ni ugomvi wa kila wiki, kwa sababu mwenye pasi na mwenye taa moja hawakubaliani kamwe. Na kelele: kigodoro, ile ngoma ya kukesha, kikipigwa kwa jirani, ukuta wako nao unacheza. Muuguzi wa zamu za usiku anayehitaji kulala mchana, nisingemshauri nyumba ya namna hiyo hata kwa kodi ya nusu bei.

Lakini uswahilini si mahali pamoja. Mradi uleule wa miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, uliopima viwanja vya Sinza na Kijitonyama ndio uliopeleka barabara na maji Manzese, na hadi leo kuna mitaa ya Manzese unayoweza kuifikia kwa bajaji mpaka mlangoni, na mingine ambayo jeneza linageuzwa ubavu. Nayo pembezoni si moja. Kimara, tangu mabasi ya mwendokasi yenye njia yake yaanze mwaka 2016, ilisogea mjini kuliko Goba, ingawa anayepandia njiani asubuhi huyatazama mabasi kadhaa yakimpita yamejaa.

Mwenye watoto wa shule hesabu yake inabadilika, kwani nafasi na utulivu vinapanda thamani, na kama mwenzi mmoja anafanya kazi hukohuko pembezoni, hoja yangu inapoteza nusu ya nguvu yake. Kwa aliye peke yake sioni inakopotelea.

Linalombana mgeni zaidi ni kodi ya mkupuo. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na mwenye nyumba hudai miezi sita, hata mwaka, huku dalali akitaka mwezi wake mmoja. Mgeni anamaliza akiba kwa ajili ya mtaa aliouona mara moja, Jumamosi mchana, jua linawaka, barabara nyeupe. Ndiyo maana heri aanze na chumba cha bei ndogo, kwa mwenye nyumba anayeishi humohumo, ambaye ukiongea naye vizuri anaweza kupokea miezi mitatu. Kabla ya kulipa aende kituo cha karibu saa kumi na mbili asubuhi aone watu wanavyopanda. Awaulize wapangaji, dalali akiwa hayupo, maji ya masika iliyopita yalifika wapi, na kama chumba kiko upande wa bondeni, aukague ukuta kwa macho yake: rangi mpya iliyoishia usawa wa goti inafunika tope.