Gari Langu Linapiga Hodi

Mkiniona napita na kagari kangu mnasema yule bwana kajipata. Njooni niwaambie nilichojipatia. Gari likikataa kwenda, nakopa. Betri ilipokufa mwezi wa kwanza nilimpigia shemeji saa kumi na mbili asubuhi, bila hata ya salamu, na saa nne betri mpya ilikuwa ndani. Lakini gari likikataa kusimama? Hapo mwenzenu navumilia. Breki mbovu hazikuachi njiani, ubaya wake ndio huo. Zinakufikisha popote unapokwenda, na mbele kidogo ya hapo.

Ilianza na kwiii. Kasauti kembamba, kama panya kabanwa na mlango. Huku kwetu Goba ni kupanda na kushuka, basi kila mteremko kwiii, kila tuta kwiii. Mke wangu akasema, "Baba Eva, breki hizo." Nikamwambia vumbi tu. Nikaongeza redio. Redio ya gari ni fundi mzuri sana, halafu halipwi.

Na kwiii yenyewe ilikuwa na faida zake. Nikikata kona ya dukani kwa Mangi, Junia anaisikia akiwa sebuleni, anakimbia kufungua geti. Sipigi honi, sishuki, naingia kama waziri. Sasa kitu kinachokufungulia geti utakiharibu kwa haraka gani?

Washauri ndio hawakukosekana. Jirani akasema vua pedi za breki, zipige msasa, kelele itaisha. Mwingine, mimina maji. Siku moja pale Tangi Bovu (kituo chenyewe na jina lake, kama kinanisema) bodaboda akaja akasimama kando yangu kwa kuburuza kandambili zote mbili kwenye lami, vumbi la mpira likatoka, akaniinamia dirishani: "Mzee, hizo breki zitakuua."

Mwezi wa pili ikawaka taa nyekundu kwenye dashibodi, ile ya duara yenye alama ya mshangao. Kijana wa kuosha magari akafunua boneti, akaniambia mafuta ya breki yameshuka. Akaongeza, taa ikazima. Elfu tano! Nikatembea kifua mbele wiki nzima. Watu wanatapeliwa gereji, mimi nimemaliza kwa elfu tano.

Kisha akaja mama mkwe kutoka Moshi. Nikamfuata stendi ya Magufuli, shikamoo mama, marahaba baba, nikamkalisha mbele kwa heshima. Tangu Mbezi mpaka nyumbani mama yule hakunitazama mimi wala barabara. Alitazama mguu wake wa kulia, maana kila nikikaribia gari la mbele alikuwa anakanyaga sakafu kwa nguvu zake zote. Na naapa, mara mbili tulisimama kwa breki yake, siyo yangu. Tulipofika akashuka, akashika mlango, akanong'ona, "Asante Bwana." Nikaitikia, "Karibu mama." Kumbe hakuwa anaongea na mimi.

Mwisho wa mwezi wa tatu muujiza ukatokea. Kwiii ikakoma. Kimya! Nikamwita mke wangu aje asikilize. Nikamwambia unaona, vumbi limetoka lenyewe. Badala yake kukawa na krrr fulani hivi, nzito, kama mtu anasaga mahindi mbali. Lakini krrr ni sauti ya kiume, siyo ya kuaibisha. Tena nilikuwa nimeshazoea kujipanga: taa za Mwenge nilikuwa naanza kuzikanyagia breki tangu Lugalo.

Aliyenipeleka gereji ni mke wangu. Alikaa na ada ya Eva mkononi akasema chagua, gereji leo au mama arudi kukaa mwaka mzima.

Fundi, chini ya mwarobaini wake, akafungua tairi la mbele, akachomoa pedi, akaniwekea kiganjani. Nikaigeuza. Bati upande huu, bati upande ule.

"Ipi ndiyo pedi yenyewe?" nikauliza.

"Bosi, pedi umeshaila. Ikiwa mpya inafika milimita 10 na zaidi, ikibaki 3 unatoa. Sasa hivi unakula diski, lile sahani la chuma ambalo pedi zinalibana."

Akanionyesha kakibati kamejikunja pembeni. Kumbe ile kwiii imewekwa makusudi kiwandani! Pedi ikikaribia kuisha, kale kakibati kanagusa diski, kanakuita. Kangu kaliniita miezi miwili, kakachoka, kakalika nako. Na mafuta ya elfu tano je? Fundi akacheka hadi akakaa juu ya tairi. Pedi zikilika, pistoni zinazozisukuma zinasogea kuzifuata, mafuta yanashuka kuzifuata pistoni. Hayakuwa yamevuja. Alipozirudisha pistoni nyuma ili pedi mpya ziingie, mafuta yangu ya ushindi yalipanda yakafurika juu ya kikopo chake, akakimbilia maji asije akaniharibia rangi.

Nikajaribu kuokoa jahazi. "Badilisha upande mmoja tu, huu wenye kelele." Akasema gari litavuta upande, utaingia dukani kwa watu.

Basi mguu na njia hadi Gerezani, Kariakoo. Muuzaji: "Unataka orijino, feki, au feki nzuri?" Jamani, feki nzuri! Nikanunua orijino huku roho inauma, pedi elfu 50. Hiyo na ufundi tu ndiyo ingekuwa bili yangu yote mwezi wa kwanza. Sasa weka na diski mbili, elfu 140, na ufundi elfu 30. Nilimwambia fundi nimelipia redio.

Akanionya, siku za mwanzo usizikanyage kwa fujo, ziache zikae. Nikasema sawa. Lakini mguu wangu ulikuwa umesomea shule nyingine. Tuta la kwanza nikaukandamiza kama kawaida yangu, gari likasimama palepale, trei ya mayai iliyokuwa kiti cha nyuma ikaja mbele kunisalimia.

Nikafika nyumbani giza limeingia, ute wa yai kwenye kola. Kona ya Mangi, kimya. Getini, kimya. Nikapiga honi. Hakuna mtu. Nikapiga tena, ndefu. Ndani nikamsikia mke wangu akiuliza nani huyo anatupigia makelele, na Junia akamjibu bila hata kuinuka:

"Wageni wa jirani hao. Baba bado, hajalia."