Msiuze Massey za wazee kwa kilo

Hawa wanunuzi wa chuma chakavu wanaozunguka huku Nachingwea, mkoani Lindi, siku hizi hawaulizii masufuria tena, wanaulizia trekta, wanapima wanapakia wanaondoka, na kila nikiona lori linapita na boneti jekundu juu ya mabati roho inaniuma kweli, maana ya mjomba nayo ilibaki kidogo tu iende hivyohivyo.

Ni Massey Ferguson 135, injini ya Perkins silinda tatu, zile zilizoanza kutoka katikati ya miaka ya 1960. Ililala chini ya mkorosho miaka tisa, bomba la moshi liko wazi, mvua zote zikaingia humo na injini ikajam. Fundi mmoja wa mjini aliitazama tu akasema hamna kitu hapo, tafuteni injini nyingine. Hapo ndo mafundi wetu wananiudhi, mtu hajafungua hata boliti moja kashatoa hukumu!

Tulitoa nozeli, vile vinyunyizi vya dizeli, tukamimina dizeli tuliyochanganya na oili kwenye kila silinda, tukaacha wiki mbili huku tunaongeza kila jioni. Halafu tukawa tunaisukuma flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, kidogokidogo, mbele nyuma, mbele nyuma, usije ukaivuta na gari kwa nguvu utavunja ringi za pistoni. Siku ya tatu ikasogea, mjomba akakaa chini kabisa akasema "mjomba, hiyo iko hai." Valvu moja ilikua imekwama, ikalegea, tukaziseti zote kwa fila geji, kile kipimo cha uwazi, inchi 0.012 injini ikiwa baridi. Tangi tukaosha, filta mpya, oili mpya.

Sasa kwenye kutoa upepo ndo wengi wanakosea, wanapiga stata mpaka betri inakufa wanadhani injini mbovu kumbe ni hewa kwenye paipu. Legeza nati ya juu ya filta, piga kile kikono cha fidi pampu, ile ndogo inayovuta dizeli toka tangi, itatoka povu jeupe kwanza halafu dizeli safi bila povu, ndo ukaze, uhamie kwenye pampu ya nozeli, mwisho nati za nozeli zenyewe huku mwenzako anapiga stata. Yetu ilikohoa moshi mweupe, ikazima, ikakohoa tena, ikashika.

Na hapa Nachingwea tungekua wa kwanza kulielewa hili la kutotupa mashine inayotengenezeka. Waingereza walileta Mpango wa Karanga 1947, wa kulima mashamba makubwa ya karanga, matrekta kibao, mpaka vifaru vya vita vilivyogeuzwa trekta, wakajenga bandari Mtwara na reli ya kuja huku, 1951 wakauacha na baadae reli ikang'olewa. Ardhi na mvua viliwashinda, lakini pia mitambo ilikua inakufa kwa kukosa spea na mafundi. Hii 135 haina kompyuta wala sensa, fundi wa kijijini anaisoma yote kwa macho na spana, sasa unaiuzaje kwa kilo halafu mwezi wa palizi unaenda kukodi trekta ya mtu, na foleni yake unaijua mpaka nyasi zinafika kiunoni?

Mwaka huu imevuta haro, lile jembe la visahani, shamba lote la mikorosho. Sili ya nyuma bado inavuja, hiyo tutaifungua. Mjomba kila jioni kabla hajaenda kuswali magharibi anafunika bomba la moshi kwa kopo la maziwa ya unga.