Mashine ya milingi ina wazazi wengi

Kwa muda mrefu vitabu vya ufundi vimemtaja Mmarekani Eli Whitney kuwa ndiye aliyebuni mashine ya milingi, ile inayochonga chuma kwa kisu cha mviringo chenye meno huku kipande kinachochongwa kikisogezwa taratibu dhidi yake, na mwaka unaotajwa ni 1818. Mimi naona sifa hiyo amepewa kwa sababu jina lake lilikwisha kuvuma kwa mashine ya kuchambua pamba. Mwanahistoria Edwin Battison alilichunguza suala hili na mwaka 1966 akaandika kwamba hakuna ushahidi kuwa Whitney aliwahi kuunda au kutumia mashine halisi ya milingi; hata ile inayoitwa ya kwake yaelekea iliundwa baada ya kifo chake mwaka 1825.

Kilichoizaa mashine hii, kwa maoni yangu, ni uchovu wa tupa. Fundi wa bunduki wa enzi hizo alikibana kipande cha chuma kwenye jiliwa, akakipiga tupa, akakipima, akakipiga tena, na mwishowe kikaingia katika bunduki moja tu, kwa kuwa cha jirani yake kilipishana nacho kidogo. Serikali ya Marekani ilitaka vipande vinavyobadilishana, yaani kila kimoja kiingie katika bunduki yoyote. Mwaka 1813 Simeon North wa Connecticut alitia saini mkataba wa bastola 20,000 wenye sharti hilo, na katika karakana za silaha za Springfield na Harpers Ferry mafundi walihangaikia tatizo hilohilo, kila mmoja akiazima mbinu za mwenzake. Katika mazingira kama hayo, kumtafuta mbunifu mmoja ni kazi bure. (Huko London nako, karibu mwaka 1830, fundi James Nasmyth aliunda mashine ndogo ya kuchonga nati za pembe sita.)

Nikilazimishwa kutaja jina moja, nitamtaja fundi Joseph Brown wa mji wa Providence, Marekani. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani, kiwanda jirani cha bunduki kilihitaji keekee nyingi, na mifereji yake iliyojipinda ilikuwa bado ikichongwa kwa tupa ya mviringo, kwa mkono. Frederick Howe wa kiwanda hicho alimpelekea Brown tatizo hilo, naye akaunda mashine ambayo meza yake iligeuzwa kwa pembe, kisha ikasogea mbele huku keekee ikizungushwa kwa gia, hivyo mfereji ukajipinda wenyewe. Ya kwanza iliuzwa mwaka 1862. Mwaka 1864 akapata hataza ya kisu ambacho jino lake, likinolewa usoni, halibadiliki umbo hata likipungua. Na kwangu mimi hilo la pili lina uzito kuliko la kwanza, kwa sababu kabla yake kisu chenye umbo maalumu kilikuwa hakinoleki bila umbo lake kuharibika.