Kijana wa chipsi na mkono wake mmoja

Ukikaa baraza yoyote Unguja siku hizi, mazungumzo ya chakula cha nje yanaishia pahala pamoja: vibanda na mikahawa ya chipsi na kuku imechafuka, na wahudumu wake hawana kauli. Meza ina mafuta ya mteja aliyetangulia, chupa ya tomato sosi imeganda mdomoni, na ukiuliza kuku wako yuko wapi unajibiwa kwa mkato. Hukumu inayofuata ni ile ile kuanzia Mwanakwerekwe mpaka Chake Chake: vijana wa sasa wavivu, mabwana afya wapite, wafungie.

Malalamiko yenyewe ni ya kweli na sina sababu ya kuyapinga. Ninachokikataa ni hukumu, kwa sababu inamwangukia mtu mwenye uwezo mdogo kuliko wote waliohusika.

Itazame kazi yenyewe baada ya Isha. Kwenye kibanda kimoja maeneo ya Michenzani nimemwangalia kijana akifanya kazi iliyostahiki watu wanne. Anageuza mbatata kwenye karai, anapokea noti ya elfu kumi, anafungua droo kutafuta chenji, anarudi kukata kuku kwenye gogo, kisha kwa vidole vile vile anachota kachumbari na kuimwaga juu ya chipsi. Mwenzake yuko nyuma anaosha sahani. Wa tatu hakuna. Simu inalia: mteja wa Kikwajuni anataka sahani tatu zifungwe, bodaboda yuko njiani. Waliokaa mezani wanazidi kusubiri, na anayeuliza mara ya pili ndiye anayejibiwa vibaya.

Hapo kwenye vidole ndipo ningependa tukae, maana naona tunaogopa kisichostahiki kuogopwa. Watu wanatishwa na karai jeusi na ukuta ulioshika moshi. Lakini mbatata inayotoka kwenye mafuta ya nyuzi 170 au 180 haibaki na kimelea cha kipindupindu kilicho hai, na kuku aliyeiva mpaka kwenye mfupa ni hivyo hivyo. Hatari imelala kwenye vitu visivyopita motoni: kabichi na tungule za kachumbari, pilipili ya maji, ukwaju, barafu ya juisi, na sahani iliyosuuzwa sasa hivi. Vyote hivyo vinategemea maji na mkono. Noti imetoka Darajani kwa muuza samaki, imepanda daladala, imelala kwenye mfuko wa mtu, imefika kwa kijana wetu, na mkono ulioipokea umeingia kwenye bakuli la kachumbari. Kibanda kinaweza kupakwa rangi mpya na kupigwa deki kila asubuhi, na njia hiyo ya maradhi ikabaki wazi vile vile.

Tutamwambia anawe. Sawa, lakini anawe mara ngapi? Wateja wakifika mmoja kila dakika mbili, basi kila dakika mbili aache karai, ajisugue kwa sabuni, asuuze, akaushe, arudi, na mafuta yako motoni. Hakuna binadamu atakayeshika utaratibu huo kuanzia magharibi hadi saa sita za usiku. Koleo la kushikia chakula lingesaidia kidogo, ingawa na mpini wake unashikwa na mkono ule ule. Kinachohitajika ni mtu mwengine, anayeshika pesa na asiguse chakula kabisa. Kofia nyeupe za wapishi wa Forodhani zinapendeza, na bustani ile tangu ilipofunguliwa upya mwaka 2009 imekuwa fahari ya mji. Swali langu hata pale ni hilo hilo: nani anashika pesa?

Nyuma ya kibanda pia kuna hadithi yake. Mfereji wa maji hakuna. Kuna madumu na mabeseni matatu, la sabuni, la kusuuzia, na la kumalizia. Saa moja usiku beseni la kumalizia linaonyesha chini. Ikifika saa tatu halionyeshi tena, na sahani zinaendelea kupita humo. Kulimwaga na kulijaza upya kunataka maji, na mitaa mingi ya mjini maji yanatoka kwa zamu, mara nyingi saa ambazo kibanda kimefungwa. Asiye na tangi ananunua kwa dumu, kwa hiyo kila beseni linalomwagwa ni pesa. Aliyekodisha fremu ile akijua itauzwa chakula, bila karo la kuoshea vyombo na bila bomba, anapokea kodi yake kila mwezi na hakuna baraza inayomtaja.

Mikono nayo imepungua kwa sababu inayojulikana. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipokaza soko la mafuta ya kula na Indonesia ikazuia mawese yake kutoka nje kuanzia mwisho wa Aprili hadi Mei, bei ilipanda mpaka jikoni kwetu. Mbatata zinavuka bahari kutoka bara, na kuku wa barafu wengi wanatoka Brazil, kwa hiyo na nauli ikipanda inaingia kwenye sahani. Mwenye kibanda angeweza kupandisha bei, lakini jirani yake yuko hatua ishirini na anauza kwa bei ya jana. Basi anapunguza kile ambacho mteja hatakiona siku hiyo hiyo: anamwachisha mfuta meza. Miezi inapita, mteja anaikuta meza chafu na kusema usafi umeshuka. Aliyebaki kazini analipwa kwa siku, hana mkataba, hakufundishwa na mtu, na akipata kazi ya hoteli Nungwi au Paje ataondoka kesho.

Upande wa pili una hoja nzito. Kuanzia Septemba 2015 hadi katikati ya 2016 kipindupindu kilituandikia wagonjwa zaidi ya 4,000 Unguja na Pemba, na zaidi ya watu 60 walizikwa. Serikali ikapiga marufuku kuuza vyakula na vinywaji hadharani. Anayekumbuka masika yale hana subira na maelezo ya bei ya mafuta, na ana haki yake. Maradhi yakiwa mtaani, kufunga vibanda ni wajibu, na lawama kwa waliofunga haina msingi.

Halafu kuna yasiyotaka pesa. Kukata kucha ni bure. Tambara la kufutia meza halifai kuwa ndilo la kufutia mikono, na kulitenganisha hakuhitaji mtaji. Jawabu la upole halipunguzi faida. Watu waliolelewa kwamba twahara ni nusu ya imani wanaona aibu kuvikumbusha vitu hivi, na mimi nawaunga mkono kabisa. Wanao na mfano wanaoupenda: mama anayeuza urojo mlangoni kwake, ana ndoo moja tu, na pahala pake panang'ara. Mfano ni mzuri, ila tuuangalie vizuri. Mama huyo anauza kwa muda mfupi kabla ya magharibi, anapika kwenye sufuria zake, maji yake yako ndani ya nyumba yake, na bakuli alizonazo anazihesabu. Hana simu za oda, na hana bosi anayemtumia mtu jioni kuchukua mauzo. Kinachompa usafi ni tabia pamoja na kumiliki kila kitu anachokishika. Kijana wa Michenzani ana tabia tu, na tabia peke yake haijazi beseni.

Ndiyo maana siamini kwamba kufungia, nje ya wakati wa maradhi, kunabadilisha kitu. Kibanda kinafungwa, mwenyewe analipa faini, kinafunguliwa, na mabeseni ni yale yale matatu. Ukisoma mpango wa Zanzibar wa kutokomeza kipindupindu, wa 2018 hadi 2027, utakuta maji safi na usafi wa mazingira vimewekwa kati ya kazi zake kuu. Fikra hiyo ifike mpaka kwenye ukaguzi. Bwana afya akiingia leo anadai cheti cha kupimwa afya cha mhudumu, anatazama vazi na pipa la taka. Adai pia kuonyeshwa bomba, aulize nani anayepokea pesa, na kama fremu haina karo, barua ya kwanza iende kwa mwenye nyumba.

Gharama yake si ya kutisha kama inavyosemwa. Tuseme kibanda kinauza sahani mia moja kwa usiku, na mtu wa kushika pesa na kufuta meza analipwa shilingi elfu kumi. Hiyo ni shilingi mia kwa sahani. Tuongeze mia nyengine ya maji, inakuwa mia mbili. Sote tunaolalamika barazani tunaweza kuilipa, na tukiambiwa wazi ni ya nini, nadhani wengi wetu tutailipa bila kununa. Tatizo ni yule anayeanza peke yake na jirani hajaanza, na hapo ndipo Manispaa na Wizara ya Afya wana kazi, kwa sababu sharti likiwa la wote hakuna anayekimbiwa na wateja.

Vibanda vidogo vya sahani ishirini au thelathini hesabu hii haivitoshi, nakubali. Kwao ningeanza na lipa namba, ambayo wengi wameshaibandika ukutani. Mteja alipe kwa simu yake, amwonyeshe kijana ujumbe bila kumkabidhi simu, na kijana aache mtindo wa kuchomoa yake mfukoni kila mara kuhakikisha. Sauti ya ujumbe kuingia inatosha, na simu ikae mbali na bakuli la kachumbari.