Anza na Nyama, Ramani Baadaye

Waswahili wenzangu wa hapa Colorado wanaotaka kuwinda elki, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, kwa upinde kwa mara ya kwanza huniuliza swali moja kabla ya yote: wapi? Kitalu namba ngapi, mlima gani, njia ipi. Wapo wanaotaka kabisa nukta kwenye ramani ya simu, kana kwamba elki amewekewa miadi pale. Mimi naona swali hilo linakuja mapema mno. Elki wapo. Colorado ina elki wengi kuliko jimbo lolote la Marekani, zaidi ya 250,000, na sehemu kubwa ya milima yao ni ardhi ya umma ambayo mtu yeyote mwenye leseni anaingia bila kumbembeleza mtu. Mtu anayepanga safari kwenye msitu asioujua aanze na swali jingine: elki akianguka, utamtoaje?

Tupige hesabu. Elki dume aliyekomaa ana kilo 300 au zaidi. Ondoa ngozi, matumbo, kichwa na mifupa, unabaki na nyama kati ya kilo 80 na 110 hivi. Mtu mwenye afya njema, kwenye mlima wa mita 3,000 juu ya usawa wa bahari ambako hata kupanda ngazi kunamtoa pumzi, atabeba kilo 25, tuseme 30 akijitutumua. Kwa hiyo ni safari nne. Kama umempiga kilomita 5 kutoka kwenye gari na uko peke yako, utakwenda na mzigo mara nne na kurudi mtupu mara tatu. Hizo ni kilomita 35, mbali na zile ulizotembea alfajiri kumtafuta. Mkiwa wawili, kila mmoja anatembea 15. Huo ndio uzito halisi wa shughuli hii, na ajabu ni kwamba watu wanaweza kubishana mwezi mzima juu ya aina ya upinde bila kugusa jambo hili hata kidogo.

Na nyama haitakusubiri. Msimu wa upinde hapa ni Septemba. Usiku kuna baridi kali, lakini mchana jua linawaka, na elki ana mwili mkubwa na manyoya mazito, kwa hiyo joto linakaa ndani muda mrefu. Huanza kuharibika kwenye mfupa wa paja, karibu na nyonga, wakati kwa nje bado anaonekana safi. Ndiyo maana wengi hawapasui tumbo kabisa. Wanamchuna upande mmoja, wanatoa mkono, paja, nyama ya mgongo na ya shingo, wanamgeuza, wanafanya vilevile upande wa pili, halafu sarara za ndani wanazivuta kwa kupenyeza mkono nyuma ya ubavu wa mwisho. Kila kipande kinaingia kwenye mfuko wa kitambaa unaopitisha hewa na kuzuia nzi, kisha kinatundikwa kivulini. Mfuko wa plastiki ni adui. Sheria nayo haina mzaha: nyama inayolika lazima itoke porini, na anayeondoka na pembe akaacha nyama ioze ametenda kosa kubwa la jinai. Kipande kimojawapo pia kibaki na alama ya jinsia iliyoshikamana nacho kwa asili, ili ofisa wa wanyamapori akikusimamisha ajue ni dume au jike.

Ukishameza hayo, ramani yenyewe inaanza kusema. Chora duara kuzunguka kila mahali unapoweza kuegesha gari. Kwa mtu aliye peke yake mimi nasema kilomita 3, basi. Wawili wenye nguvu, 4 au 5. Ndani ya duara hilo tafuta ardhi inayopanda kutoka kwenye gari, ili ukiwinda unapanda mtupu na ukibeba unateremka. Mteremko ulio chini ya barabara, hata uwe na elki kumi, uache. Kuipandisha kilo 100 mlimani ni adhabu ambayo hakuna aliyekuhukumu.

Najua wapo watakaopinga. Wanasema siri ya ardhi ya umma ni kwenda mbali kuliko wengine. Kuna ukweli hapo, maana elki hukimbia makelele ya watu. Ila mbio za sakafuni huishia ukingoni. Nimeona vijana wanapita na mikoba mikubwa wakielekea kilomita 12 ndani, na njiani wanavuka korongo lenye miti iliyoangukiana, mteremko mkali, hakuna njia, hakuna mandhari ya kupiga picha. Elki anapenda mahali pa namna hiyo. Mchana wa Septemba analala kwenye miteremko inayoelekea kaskazini, ndani ya msitu mzito wa misonobari wenye giza na ubaridi, karibu na maji, na usiku anatoka kula kwenye uwanda wa nyasi. Korongo baya lililo kilomita 2 kutoka barabarani, ambalo kila mtu anaona uvivu kuliingia, lina thamani kuliko bonde zuri la mbali ambalo kila mtu ameshalisikia. Halafu kivuli hichohicho kinachompendeza yeye ndicho kitakachopoza nyama yako.

Kuhusu mipaka, hapa mgeni awe makini. Ardhi ya umma ina wenye kuisimamia tofauti: misitu ya taifa iko chini ya Forest Service, idara ya misitu ya serikali kuu, na maeneo mengi ya chini yenye vichaka yako chini ya BLM (Bureau of Land Management), idara nyingine ya serikali hiyo. Katikati yake kuna mashamba ya watu. Colorado haimlazimishi mwenye shamba kuweka kibao. Ni wajibu wako kujua umesimama wapi, kwa hiyo ramani inayoonyesha umiliki, iliyopakuliwa kwenye simu kabla ya kupoteza mtandao, haina mjadala. Forest Service pia hutoa bure ramani ya barabara zinazoruhusu magari na miezi yake. Watu wengi hawaitazami, kisha wanashangaa geti limefungwa.

Kuna sehemu ambapo mashamba na ardhi ya umma yamepangwa kama bao la drafti, na viwanja viwili vya umma vinagusana kwenye pembe tu. Mwaka 2021 wawindaji wanne kutoka Missouri waliruka pembe za namna hiyo kwa ngazi kule Elk Mountain, Wyoming, bila kukanyaga shamba la mtu. Walishtakiwa, baraza la wazee wa mahakama likawaachia, mwenye shamba akawadai mamilioni ya dola. Machi 2025 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa 10, ambayo inahusu na Colorado, ilisema hawakukosea, na Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza rufaa. Mimi niliifuatilia kesi ile kwa karibu, maana inagusa jambo ambalo sisi tuliotoka Afrika Mashariki hatujalizoea: kwamba mfagiaji wa ofisi Denver ana haki sawa na bilionea jirani yake juu ya msitu uleule. Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na kizazi chetu kimekua kikijua kwamba mtu mwenye upinde porini ni jangili. Hata hivyo, kwa safari ya kwanza usijitie kwenye pembe. Tafuta eneo kubwa la umma lisilo na viraka.

Tena tusijidanganye kwamba ardhi hii ilikuwa ya "umma" tangu Adamu. Milima ya White River, ambayo leo inasifiwa kwa elki, ilikuwa ya Waute, wenyeji wa asili wa hapa. Mapigano ya Meeker, kati yao na serikali, yalitokea 1879, na kufikia 1881 walikuwa wamesukumwa kwenda Utah. Upande wa kusini-magharibi mwa jimbo, mkataba wa Brunot wa 1873 uliwaachia Waute haki ya kuwinda katika ardhi waliyoitoa, na haki hiyo ingali hai. Anayepanda milima hiyo na leseni mfukoni ajue hayo.

Leseni. Mkazi wa Colorado, yaani aliyekaa jimboni miezi sita mfululizo, bado anaweza kununua leseni ya elki ya upinde moja kwa moja kwa vitalu vingi. Kwa ndugu zetu wa Texas, Ohio au Minnesota mambo yalibadilika 2025: kwa vitalu vya magharibi mwa barabara kuu ya I-25, ambako ndiko kwenye elki, asiye mkazi anaingia kwenye bahati nasibu, maombi yanafungwa mwanzoni mwa Aprili, na akipata analipa zaidi ya dola 700. Aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1949 au baada yake lazima awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji. Upinde usipungue nguvu ya ratili 35, na chembe cha mshale kiwe na upana wa angalau inchi 7/8 na makali mawili au zaidi ya chuma. Sumu marufuku, wale mnaowasifu Wahadzabe wa Ziwa Eyasi na mishale yao ya sumu, huku haifai. Na kodi ya asilimia 11 iliyomo kwenye bei ya upinde wako inarudi kwenye wanyamapori, kwa sheria ya Pittman-Robertson ya 1937 iliyopanuliwa baadaye kugusa pinde.

Leseni za upinde katika vitalu vingi huruhusu dume au jike. Mimi kwa mwanzo naunga mkono jike, na najua wanaume watacheka. Mzigo ni mwepesi, nyama ni laini, na hutahangaika kuhesabu matawi ya pembe wakati mikono inatetemeka.

Upepo umeandikwa sana, nitapita haraka. Asubuhi hewa baridi inateremka bondeni, jua likishapiga mteremko inapanda, jioni inateremka tena. Kwa hiyo alfajiri uwe chini yao, mchana uwe juu yao, na kichupa cha unga mwepesi kikuonyeshe hewa inakoelekea. Akishakunusa, imekwisha, hata uigize mlio wa jike namna gani hatarudi. Katikati ya Septemba wenye magobori nao wanaingia, na milima inachangamka kuliko unavyotaka.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo mpango wa nyama unapokutana na dini kwa sisi Waislamu. Mshale wenye makali unaotoboa ni halali kwa uwindaji, ukitaja jina la Mwenyezi Mungu unapoufyatua. Hadithi ya sahaba Adi bin Hatim iko wazi kwamba kinachoua kwa makali unakula, na kinachoua kwa ubapa au kishindo huli. Sasa tazama inavyotokea porini. Elki hupigwa, akakimbia, akapotea msituni. Akipigwa mapafu, unasubiri kama nusu saa na humkuti mbali. Akipigwa ini, saa nne au zaidi. Akipigwa tumbo, nusu siku, na hapo ngoja ngoja haiumizi matumbo, kwani ukimkurupusha anakwenda mlima wa pili kufa. Hadithi hiyohiyo inamruhusu mwindaji kula aliyemkuta baada ya siku moja au mbili ikiwa hana alama nyingine ila ya mshale wake, na inamkataza aliyemkuta amekufa majini. Ukimkuta bado ana uhai, fiqhi inataka achinjwe, lakini namna unavyoruhusiwa kummaliza mnyama wakati wa msimu wa upinde ni jambo la sheria ya jimbo. Muulize ofisa wa wanyamapori mwezi wa Julai, na sheikh wako mwezi huohuo, usije ukaanza kutafakari ukiwa na kisu mkononi mbele ya dume lenye pembe.

Hayo yote yananifanya niwe mkali kwenye shabaha. Mita 30, ubavu wazi, umetulia. Asiyeweza kuweka mishale yake yote ndani ya sahani ya chai kutoka mita hizo, akiwa amekimbia kidogo na moyo unadunda, asiende mwaka huu. Na kabla ya Septemba afanye jaribio jingine ambalo halihusiani na upinde: atie mfuko wa mchele wa kilo 25 kwenye mkoba wa mgongoni, apande na kushuka mlima wowote ulio juu ya mita 2,700, mara mbili kwa siku moja. Atajua duara lake ni la kilomita ngapi bila kuniuliza mimi.

Halafu piga simu kwa mchinjaji mapema. Wengi hujaa Septemba, na nyama yako itakaa kwenye gari ikimsubiri. Muulize pia anachochanganya, maana nyama ya elki haina mafuta, na kwenye soseji na nyama ya kusaga wengi hutia mafuta ya nguruwe bila kukuuliza. Nyumbani kwangu tunakata wenyewe mezani na kusaga kwa mafuta ya ng'ombe kutoka kwa bucha la halali. Inachukua wikiendi nzima, na friza iwe imeshatolewa vitu.