Saa Zinazookolewa na Programu ni za Nani?

Kijana mmoja tuliyekuwa tukimsaili kwa kazi ya uhasibu aliulizwa mwishoni, kama ilivyo kawaida, kama ana swali lolote. Tulitegemea aulizie mshahara au likizo. Akauliza: "Taarifa za benki za wateja huwa zinaingiaje kwenye mfumo? Zinavutwa zenyewe au kuna mtu anakaa kuzichapa?" Alipotoka, mkubwa mmoja wa ofisi akatikisa kichwa: "Kazi hajaanza, kukwepa ameshaanza."

Sikukubaliana naye siku ile. Tangu hapo nimefuatilia mjadala wa teknolojia na wafanyakazi katika kampuni za uhasibu, na kila nikiusoma nalikumbuka swali lile. Kuna wabia, yaani wamiliki wa kampuni hizo, wanaoamini kwamba ukinunua mifumo ya kisasa vijana watakuja na watakaa. Kuna wengine wanaosema kompyuta haijawahi kumzuia mtu kuandika barua ya kuacha kazi. Watu hukaa kwa sababu ya mshahara, bosi muungwana na nafasi ya kupanda. Wote wana hoja. Asiyesikilizwa ni yule kijana.

Kwamba watu wanaondoka, hilo halina ubishi. Marekani, ambako takwimu zake ndizo hunukuliwa zaidi, wahasibu na wakaguzi wa hesabu zaidi ya 300,000 waliacha kazi zao ndani ya miaka miwili, na mpaka 2021 idadi yao ilikuwa imeshuka kwa asilimia 17 hivi kutoka kilele cha 2019. Machi 2024 kampuni ya Tupperware iliwaarifu wasimamizi wa masoko ya mitaji wa nchi hiyo kwamba ripoti yake ya mwaka ingechelewa, na miongoni mwa sababu ilizotoa ni kuondokewa na watu wengi katika idara ya uhasibu. Kampuni inayojulikana dunia nzima ilikwama kufunga hesabu kwa sababu wa kuzifunga walikuwa wamekwenda zao.

Sasa iweke taarifa hiyo kando ya namba nyingine, ambayo imenikaa kichwani kwa miaka. Mwaka 2013 Carl Benedikt Frey na Michael Osborne wa Chuo Kikuu cha Oxford walizipitia kazi 702 na kukadiria uwezekano wa kila moja kufanywa na kompyuta. Wahasibu na wakaguzi wakapata asilimia 94. Makarani wa vitabu vya hesabu wakapata 98. Namba hizo zilisambaa kila mahali, na kwa mwanafunzi anayechagua cha kusomea ujumbe ulikuwa mmoja: huko usiende. Muongo mmoja ukapita. Tunachosikia leo si kilio cha wahasibu waliokosa kazi bali cha kazi zilizokosa wahasibu.

Nini kilitokea? Mimi naisoma ile 94 kwa namna nyingine. Watafiti walikuwa wanakadiria uwezekano wa kazi nzima kuchukuliwa, hawakupima saa ngapi za siku ya mhasibu zinakwenda wapi, kwa hiyo sitaki kuisemea namba kitu ambacho haikusema. Lakini kazi haiwezi kupata alama ya juu kiasi kile kama haijajaa mambo ambayo mashine inaweza kuyafanya. Na pale ambapo mashine ingeweza kuyafanya lakini haijaletwa, anayafanya binadamu, tena binadamu mwenye shahada, anayejua fika kwamba haikuwa lazima ayafanye yeye. Kwa maoni yangu, mashine haikuwafukuza hao wahasibu. Wengi wao walichoka kufanywa mashine.

Itazame kazi yenyewe. Ni saa mbili usiku, msimu wa kufunga hesabu. Mteja ametuma taarifa ya benki kwa faili la PDF lenye kurasa 40, nyingine zimepigwa picha kwa simu zikiwa zimepinda, kivuli cha kidole kimefunika safu ya salio. Kijana anasoma tarakimu upande wa kushoto wa skrini, anaichapa upande wa kulia, anaweka tiki, anashuka mstari. Anasoma, anachapa, anatiki. Akifika ukurasa wa 31 jumla haibalansi, anarudi juu kuanza kutafuta. Aliyosoma chuoni kuhusu kodi, viwango vya taarifa za fedha na dalili za udanganyifu hayahitajiki kwenye meza hiyo usiku huo. Kesho yake anaamka kufanya hivyo hivyo kwa mteja mwingine. Ukimwona anatafuta kazi kwingine, usiseme hana subira. Subira anayo, ameshapitia kurasa 31.

Wala kuchoshwa na kurudia tarakimu si ugonjwa wa kizazi hiki. VisiCalc, programu ya lahajedwali (jedwali la kompyuta linalojikokotolea hesabu) iliyoanza kuuzwa 1979 na kubadili ofisi za hesabu moja kwa moja, ilianzia kwenye wazo lililomjia Dan Bricklin akiwa mwanafunzi wa biashara Harvard, alipokuwa akimtazama mwalimu akifuta ubao na kuandika upya safu za namba. Hakuna anayemwita Bricklin mvivu.

Hata hivyo hoja ya wakubwa siidharau, maana mimi mwenyewe nimelelewa nayo. Leja, yaani daftari la hesabu, na taarifa ya benki zikitofautiana kwa 540, mhasibu aliyekomaa hugawa kwanza kwa 9. Ikigawanyika bila baki, anashuku tarakimu mbili zimepishana: mtu kaandika 1,820 badala ya 1,280. Ujuzi huo hakuupata kwenye programu. Aliupata kwa kukesha. Hofu yake ni kwamba kijana asiyewahi kulinganisha kwa mkono hatapata lile jicho linaloshtuka muamala usipokaa sawa, na mkaguzi asiye na jicho hilo ni mhuri tu. Akili mnemba imeiongezea hofu hii uzito, kwa sababu inaweza kupanga muamala mahali pasipo pake kwa kujiamini kabisa, na anayetakiwa kuligundua kosa ni mtu.

Hapo nakubali. Nisichokubali ni kwamba dawa yake ni kurasa 40 kila usiku. Kujifunza kulinganisha kunahitaji wateja wawili watatu, pamoja na mkubwa aliyevuta kiti pembeni anaeleza kwa nini. Kuanzia wa nne na kuendelea si mafunzo tena, ni nguvu kazi ya bei nafuu iliyopewa jina la mafunzo. Halafu kosa la tarakimu kupishana huzaliwa na vidole. Taarifa ikitoka benki moja kwa moja kuingia kwenye mfumo, kosa hilo halizaliwi. Yanazaliwa mengine: muamala ulioingia mara mbili, malipo ya mkopo yaliyohesabiwa kama matumizi, kanuni iliyowekwa vibaya Januari ikaharibu kila mwezi mpaka Desemba. Hayo ndiyo ya kumfundisha kijana sasa, na atayajifunza akiwa amelala usingizi wa kutosha.

Mpaka hapa nimekuwa upande wa wanunuzi wa programu. Wasiwasi wangu unaanza pale programu inapofanya kazi vizuri.

Chukua mfano. Mhasibu ana wateja 10, na usuluhishi wa benki wa kila mmoja, yaani kulinganisha vitabu vyake na taarifa ya benki, humla saa 6 kwa mwezi. Jumla saa 60. Mfumo mpya unakuja, kila mteja anahitaji saa 1. Zimebaki saa 10, na saa 50 zimeokolewa. Ofisi inapongezana. Swali ambalo sijasikia likiulizwa kwenye mikutano ya namna hiyo ni hili: hizo 50 ni za nani?

Mara nyingi jibu huja lenyewe, bila kikao. Mhasibu anaongezewa wateja. Wanakuwa 18, kwa sababu mfumo unaruhusu. Kwenye karatasi bado anaonekana ana nafasi tele. Lakini kilichopungua ni kuchapa na kutiki tu. Simu za wateja hazikupungua. Mteja anayeleta risiti zake siku ya mwisho hakupungua, wala barua za mamlaka ya kodi, wala kumweleza mwenye biashara kwa nini ana faida na hana fedha benki. Hayo yote sasa ni mara 18. Ile kazi iliyokuwa inachosha macho imeondoka, na mahali pake imekuja inayochosha moyo, bila hata zile saa tulivu za kutiki ambamo mtu alikuwa akipumzisha akili. Baada ya miezi sita kijana anaondoka, na mbia anasema kwa uchungu wa kweli, "Tumewanunulia kila kitu."

Mzizi wake uko kwenye namna ofisi nyingi zinavyouza kazi, yaani kwa saa. Mteja anatozwa saa zilizotumika, na mfanyakazi anapimwa kwa saa alizotoza. Kijana akijiundia njia ya kumaliza kwa saa 1 kilichokuwa kinachukua 6, ankara ya mteja inashuka, na fomu yake ya saa inaonyesha kwamba amefanya kazi kidogo kuliko mwenzake wa meza ya pili anayechapa kwa vidole viwili. Ana njia tatu. Aombe wateja zaidi. Aandike saa 6 ingawa ametumia 1, na hapo mtu ambaye taaluma yake nzima imesimama juu ya uaminifu anaanza kuzoea kuandika uongo mdogo. Au aende mahali ambapo wepesi wake haumpunguzii alama.

Ndiyo maana ofisi zinazotoza kwa kazi badala ya saa, bei ikikubaliwa mwanzoni, zina nafasi nzuri zaidi ya kuwashika watu wao. Saa zikiokolewa hapo hakuna anayepoteza. Zinaweza kugawanywa: nyingine zimrudie mfanyakazi aende nyumbani mapema, nyingine ziende kwenye kujifunza, na zilizobaki kwa mteja mpya, mmoja au wawili, si wanane.

Kuna programu za aina nyingine ambazo huingizwa kwenye bajeti hiyo hiyo ya teknolojia: zile zinazopiga picha skrini ya mfanyakazi na kuhesabu anavyobofya. Hizo humwambia mtu kwamba haaminiki, na anayezinunua asishangae meza zikibaki wazi.

Wanaosema mshahara ndio kila kitu wana ukweli wao pia, na sheria nazo zina lawama yake. Marekani kwa miaka mingi leseni ya mhasibu ilidai krediti 150 za masomo ya chuo, yaani mwaka mmoja zaidi ya shahada ya kawaida, na majimbo kama Ohio yameanza kufungua njia nyingine. Programu haiwezi kurekebisha hayo.

Lakini fomu ya saa iko mikononi mwa wabia wenyewe. Kabla ya kulipia leseni nyingine ya programu, wachukue fomu za mwezi uliopita, watafute aliyemaliza mapema kuliko wote, kisha waangalie alipewa nini siku iliyofuata.