Ishirini ni Ishirini

Mie kosa langu moja tu: nina meza. Ningekuwa sina meza, mpwa wangu asingeniachia lile sanduku alipoondoka kwenda kusoma, na watu wa baraza yetu hapa Ng'ambo, Unguja, wangebaki na bao lao na dhumna zao, nami nikalala saa nne kama binaadamu wenzangu.

Ndani ya sanduku mlikuwa na kitabu kinene cha Kiingereza na dadu za kila sura, kubwa lao lina nyuso 20. Mchezo wenyewe unaitwa Dungeons & Dragons; wameutoa Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, mwaka 1974. Kila mtu ana mhusika wake kwenye karatasi, mmoja anakuwa msimulizi, na dadu ndiyo kadhi. Msimulizi wakanifanya mie, eti kwa kuwa miwani ninayo.

Basi sikilizeni balaa. Muuza kahawa, ambaye mhusika wake ni shujaa wa panga, kakutana na joka limelalia dhahabu. Hakutaka kupigana. Akasema analibembeleza limkopeshe. Joka, bwana! Akarusha dadu, likabiringika mpaka kwenye kisahani cha kashata, likatulia: 20. Baraza zima likasimama.

Nikawaambia, jamani, kitabu kinasema 20 inapita yenyewe mtu akipiga pigo tu. Kubembeleza ni kujumlisha dadu na namba za karatasi yako, kisha tutazame umefika kiwango au hukufika, na hili halikopeshi hata ukipata 30. Umeme umekatika, nawasomea kwa tochi ya simu, jasho linadondokea ukurasa. "Ishirini ni ishirini!" Mwengine anauliza hao walioandika wanakaa baraza gani. Na mzee mmoja ambaye hata hachezi, kaja kwa kahawa yake tu, akatoa hukumu kuwa joka lenye mali yote ile na halimkopeshi mtu, basi lina roho ya korosho, na kitabu kinachoitetea roho ya korosho tusikisome usiku.

Watu hawahawa, wakikaa kwenye bao, kete 64 wanazihesabu kama mahari. Thubutu kuanza mtaji, ile awamu ya pili ya bao, na kete bado unazo mkononi, uone utakavyotimuliwa. Huko hakuna cha "sie kwetu tunacheza hivi". Kanuni za mababu hazigusiki. Za kitabu changu kila mtu fundi.

Nami nikajichimbia kaburi. Katika kutafuta amani nikawatafsiria pale kitabu kinaposema kwamba msimulizi ndiye mwenye neno la mwisho. Nilidhani nimejipa enzi. Kumbe nimejipa kazi ya sheha bila posho. Tangu siku ile kila mwenye shida ya kanuni ananijia mchana. Huyu analeta kahawa "ya bure tu, ami", yule ananishikia foleni ya mkate, halafu usiku anadai upinde wake upige mara tatu. Ukikubali, wenziwe wanasema umehongwa. Ukikataa, kahawa ya kesho inakuja baridi.

Lililonimaliza ni la dawa. Mchezoni kuna chupa za dawa ya kuponya majeraha, na kitabu cha 2014 kilitaka mtu akinywa, zamu yake imekwenda hiyo, hapigi tena. Wao wakasema kumeza dawa ni kufumba na kufumbua, mtu anywe na bado apige. Niliwakatalia, nikawapigia meza. Kisha kikatoka kitabu kipya cha 2024, mpwa wangu kwa wema wake akanitumia picha ya ukurasa: mtu anakunywa dawa na pigo lake bado analo. Nilitaka kuificha, lakini simu yangu kila mtu anaishika. Walicheka mpaka jirani akafungua dirisha. Sasa nikisema neno, jibu ni moja: "Subiri kitabu kijacho, mzee."

Juzi ndiyo akafa mhusika wa fundi baiskeli. Kanuni iko wazi: ukiishiwa uhai unarusha dadu kila zamu, 10 kwenda juu ni heri, chini yake ni shari, na shari tatu ndiyo kwaheri. Akarusha, 4. Akarusha tena, 1. Nikamwambia pole, maana 1 inahesabiwa shari mbili. Akanitazama kama namdai kodi. "Nimerusha mara ngapi?" Mara mbili. "Tatu imetoka wapi?" Nikamwonyesha ukurasa, akaufunga yeye mwenyewe, taratibu, akaondoka bila kuaga.

Asubuhi nikaenda kuchukua baiskeli yangu kwake. Imeoshwa, inameta. Nilifika mteremko wa kwanza ndipo nikajua breki hamna. Kilichonipokea ni kigari cha muuza madafu, na madafu yake manne nimeyalipa.

Ijumaa baada ya isha fundi karudi, amekaa palepale, na karatasi mpya. Ni ndugu wa marehemu, kasema. Panga lilelile, nguvu zilezile, na jina limezidi herufi moja. Wote wananitazama mie. Nikafungua kitabu, nikapekua, nikapekua tena, kanuni ya ndugu wa marehemu hamna. Nikasema karibu, kaa, urithi wako ni halali.

Asubuhi nikaikuta baiskeli mlangoni, breki zote mbili zimekazwa.